Waliposema Naita Mabomu

Watu wa mtaa wetu hapa Nyakasanza, Bunia, wana hadithi mbili juu yangu, na zote mbili ni za uongo. Ya kwanza inasema kwamba mwaka 2003, nilipokuwa na miaka tisa, nilikuwa ndoki, mchawi mdogo aliyeyaita mabomu yawaangukie majirani. Ya pili inasema kwamba nilikuwa nabii na niliwaokoa watu. Siku hizi wanaipenda zaidi hii ya pili. Mteja anakuja na kitenge chake, namwekea futi ya kupimia mabegani, na kabla sijafika kiunoni anaanza: "Dada Joëlle, ni kweli ulikuwa unasikia sauti ya Mungu?" Namwambia ainue mkono nipime kwapa. Akiuliza tena, gauni lake linachelewa siku mbili.

Mimi ni mshonaji. Nina miaka thelathini na zaidi, nina cherehani mbili na chumba kimoja, na sipendi kuguswa. Hali yangu nilikuja kuijua jina nikiwa mtu mzima, siku daktari mmoja alipopita Bunia kuwaangalia watoto wasiosema. Nilikuwa nimempeleka mtoto wa jirani. Daktari akamwangalia mtoto, akaniangalia na mimi, akauliza maswali, akasema: autisme. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita usonji. Nilifurahi, kama mtu anayepewa karatasi ya nyumba aliyokaa ndani yake tangu zamani. Neno hilo halikuniponya kitu, wala sikuwa mgonjwa.

Sasa nisikilizeni mimi, maana niliyekuwa ndani ya kichwa kile ni mimi, si ninyi.

Ninyi mna mlango masikioni. Mtu akisema nanyi sokoni, mnafunga nje kelele za wengine, mnamsikia yeye tu. Mimi sina mlango huo. Kila kitu kinaingia pamoja: jogoo, redio, sufuria, mtoto anayelia nyumba ya tatu, mvua juu ya bati. Vyote vina nguvu sawa. Ndiyo maana nilikuwa napenda kukaa chini ya cherehani ya mama yangu, Angélique, aliyeshona barazani. Kanyagio lilipanda na kushuka, taka-taka-taka, halikubadilika, na chini yake nilipata kupumua.

Maneno niliyajua mengi. Kuyatoa ndiyo ilikuwa kazi. Siku nzuri nilitoa mawili, siku mbaya hata moja, na mama peke yake ndiye aliyeyaelewa, kwa sababu niliyasema nikiangalia ukuta. Nikikuangalia machoni sikusikii. Macho ya watu yanacheza mno, yanakula nafasi yote.

Na mkono! Kwetu watoto wakiamka wanazunguka parsele nzima, yaani kiwanja na nyumba zake zote, kuwapa wakubwa mkono mmoja mmoja. Mimi ngozi yangu ilikuwa inaungua nikishikwa. Kwa hiyo kila asubuhi nilikwenda mbele ya kila mlango, nikasimama hatua tatu mbali mpaka mwenye nyumba anione, ndipo nikaenda mlango mwingine. Hiyo ilikuwa salamu yangu, na sikuikosa hata siku moja. Walisema sina adabu. Watoto waliokimbia kimbia wakigusa vidole tu ndio walioitwa wenye adabu, na mpaka leo jambo hilo linanikera.

Parsele ilikuwa ya baba mkubwa, Gaspard, kaka wa baba yangu. Baba alikuwa amekwenda Kpandroma kununua maharagwe, vita vikafunga njia, na hatukumwona tena. Gaspard akatupa chumba cha nyuma. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake: alitugawia alichokuwa nacho, na hakutuacha tusahau kwamba alitugawia.

Mwaka ule wapiganaji walianza kurusha mabomu mjini. Bomu la kombora lina sehemu zake, na mimi nilizijua zote. Kwanza, mbali kabisa, kuna mlio mdogo, tup, kama mtu anayetua mfuko wa chumvi chini. Halafu kimya. Halafu filimbi juu. Halafu linaanguka. Wakubwa walianza kusikia kwenye filimbi, maana ile tup ilipotea kati ya mazungumzo yao na kuku wao. Mimi tup iliniingia kama sindano. Nilijua kitakachofuata kitaniuma vibaya, basi niliziba masikio kwa viganja, nikajiingiza chini ya cherehani, nikaguna sauti moja ndefu ili nisisikie mengine. Sikuwa nafanya kitu kingine chochote. Nilikuwa naogopa, kama kila mtu, ila nilianza mapema.

Mama Fifi, aliyeuza makaa mlangoni mwa parsele, aliniona mara ya kwanza akacheka. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu bomu lilianguka upande wake, likamuua mdogo wake Claire aliyekuwa anaanika nguo. Claire alikuwa na miaka kumi na saba na alinisalimu kwa mbali, kwa kutikisa kamba ya nguo. Mama Fifi alilia mpaka sauti ikakatika. Kwa kulia kwake simlaumu. Namlaumu kwa alichosema alipopata sauti tena, mbele ya watu wote waliokuja kwenye kilio.

"Mara tatu! Mara tatu nimemuona na macho yangu! Huyu mutoto anaziba masikio, kisha bombe inakuya. Yeye njo anaziita!"

Kesho yake wanawake waliacha kupita mbele ya baraza letu. Baba mkubwa Gaspard alikuja akasimama karibu na cherehani, hakukaa.

"Angélique, siye hatuwezi kufa wote juu ya mutoto moya. Umupeleke kwa Mama Martine, wamufanyie délivrance, maombi ya kufukuza pepo. Siku ine, bila kula, bila maji. Hiyo roho itatoka."

"Shemeki, mutoto haite kitu. Anasikia tu mbele ya siye kusikia."

"Anasikia? Siye wote tuko na masikio. Umupeleke, ao mutoke mu parsele yangu, weye na yeye."

"Tuende wapi? Kule inje kuko vita."

"Nimesema."

Mama alikanyaga cherehani muda mrefu bila kitambaa. Kisha akanivalisha viatu akaniambia tunakwenda kununua uzi mweupe. Tulipita duka la uzi bila kuingia. Nilisimama, nikaonyesha duka, naye akanivuta kwa mkono, yeye ambaye hakuwa ananivuta. Jambo hilo nilikaa nalo miaka mingi.

Chumba cha maombi kilikuwa nyuma ya kanisa dogo la Mama Martine, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, mjane, ambaye kabla ya vita aliuza samaki wakavu. Ndani mlikuwa na sakafu ya sementi, benchi la sementi ukutani, na wanawake wanane waliofunga kwa ajili yangu. Mama aliambiwa abaki nje ya mlango. Mama Martine akainama mpaka uso wake ukajaa mbele ya uso wangu.

"Sema mbele ya Bwana. Ni weye unaita bombe?"

"Unaita bombe," nikasema.

Wakapiga kelele za kushukuru. Walisema nimekiri. Wala sikukiri. Nikiogopa, maneno yangu mwenyewe hukimbia, na yanayobaki mdomoni ni ya mtu aliyesema mwisho. Ningeulizwa kama mimi ni mbuzi, ningejibu mbuzi. Mtoto yeyote kama mimi anafanya hivyo, na mtu yeyote aliyekaa naye wiki moja anajua. Lakini walitaka jibu na wakalipata.

Waliimba juu ya kichwa changu siku nzima na siku iliyofuata. Kiu iliniuma, lakini nyimbo ziliniuma zaidi. Walikuwa wanashika mikono yangu ili nisizibe masikio, kwa sababu walisema pepo linaingilia hapo. Nililia, nikauma mtu mmoja kidole. Nafurahi nilimuuma.

Siku ya pili, jua likiwa juu, walikuwa wamepiga magoti wakipumzika kuimba, nikasikia tup.

Nilijinyofoa nikaingia chini ya benchi, nikaziba masikio. Mama Martine alilala kifudifudi akanishika mguu anitoe, akisema pepo limeamka. Filimbi ikapita. Bomu likaanguka uani, jikoni, ambako kwa siku ile ya kufunga hapakuwa na mtu. Vipande vya chuma vikapasua mlango na ukuta, vikapita juu ya wanawake waliopiga magoti, juu ya mgongo wa Mama Martine aliyelala, vikaingia ukuta wa pili. Mama yangu alikuwa amekwenda mtoni. Hakuna aliyekufa. Mama Martine alikaa sakafuni na vumbi kichwani, akiwa bado ameshika mguu wangu.

"Mungu amesema na siye," akasema. "Alituonya kupitia huyu mutoto. Siye njo tulikuwa bipofu."

Kwa dakika ile ile uchawi wangu ukageuka kuwa utakatifu. Jioni baba mkubwa Gaspard alikuja kanisani kunitazama, akiwa amevaa shati la Jumapili. Ungesema ni yeye aliyenizaa. Watu walijaa uani mwa kanisa: watu wa mtaa, wakimbizi kutoka Marabo waliolala kwenye darasa la jirani, hata Mama Fifi. Wakati nilipokuwa ndoki hakuna aliyenigusa, na kwa upande huo tu ilikuwa raha. Sasa wote walinigusa. Walinishika nywele, walinishika vidole, waliweka watoto wachanga mapajani mwangu. Walileta unga, mafuta, na kuku mmoja, na vyote vilikwenda nyumbani kwa baba mkubwa. Nami nilipiga kelele, na kelele zangu zikaitwa lugha za rohoni.

Mpango wa Mama Martine na baba mkubwa ulikuwa huu. Ningekaa kanisani, siyo nyumbani. Ningelala pale na Mama Martine, ili watu wajue lini bomu linakuja. Wakati wa ibada ningeketi mbele kwenye kiti, nikiwa nimefungwa kitenge cheupe, niseme neno. Na kwa kuwa maneno yangu ni machache na ni mama tu anayeyaelewa, mama angesimama pembeni yangu kama mkalimani, kama vile makanisa yetu yote yanavyofanya: mhubiri anasema kwa lugha moja, mkalimani anafasiri kwa lugha ya watu. Baba mkubwa alimwambia mama mlangoni, mbele yangu, kana kwamba mimi ni kiti.

"Utafasiri muzuri. Watu wanaogopa, wanataka neno ya kuwapa nguvu. Ukifanya hivyo, chumba ni yenu mpaka vita iishe. Siwezi kusema tena habari ya kutoka."

Mama akasema ndiyo.

Ibada ya kwanza ilikuwa Jumatano. Ngoma mbili, kengele, na kipaza sauti kilichofungwa kwenye betri ya gari na ambacho kililia kwa sauti nyembamba hata pale ambapo hakuna aliyesema. Ninyi mngesema kimya. Mimi nilikuwa na msumari kichwani. Wakanyamazisha ngoma. Mama Martine akapiga magoti.

"Sema, mutumishi wa Bwana. Unasema nini kwa watu?"

Nilitafuta neno kwa nguvu zangu zote, nikalipata, nikaliambia dirisha: "Maji."

Watu waligeuka kwa mama. Mama alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Anasema," mama akaanza, "anasema tutapita mu maji mingi, lakini hatutazama."

Kanisa lote likainuka kwa vigelegele. Ngoma zikarudi. Mimi nilikuwa nimekaa pale na koo kavu, sijapewa maji, na nilielewa kabisa alichokifanya. Watu wanadhani mtoto asiyesema haelewi. Nilielewa kila neno. Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kuelewa maneno yangu, naye alikuwa ameyauza kwa chumba cha bati. Nilimchukia mama yangu siku ile. Nayasema wazi kwa sababu nilimpenda, na chuki ile ilikuwa na ukubwa ule ule.

Alikuja mchana wa kila siku kunilisha. Alhamisi alisema, "Nisamehe, Joëlle. Kama nakataa, tutalala wapi?" Ijumaa alisema neno lile lile. Niliugeukia ukuta. Jumamosi hakusema kitu. Alikaa hatua tatu mbali nami, mikono mapajani, mpaka nikamaliza kula, na alipoinuka niliona macho yake yamevimba. Sikumwonea huruma. Nilikuwa na miaka tisa.

Jumapili kanisa lilifurika mpaka nje. Tulisikia watu wakisema majeshi ya kigeni yaliyoushika mji yanaondoka, na hakuna aliyejua nani ataingia baada yao. Watu walikuwa na hofu kweli, siwacheki. Walitaka mtu awaambie siku na saa. Wakanifunga kitenge cheupe, wakanikalisha. Kipaza sauti kikaanza kulia. Baba mkubwa Gaspard alikuwa mstari wa mbele. Mama alikuwa pembeni yangu, amesimama.

Mama Martine akapiga magoti. "Mutumishi, bombe itaanguka lini? Tukimbie upande gani?"

Niliinuka. Kitenge kile kilikuwa na pindo lililoshonwa vibaya, lilinikwaruza shingo tangu asubuhi. Nilikifungua, nikakikunja ncha kwa ncha, kwanza mara mbili, halafu mara nne, nikakiweka juu ya kiti. Nilichukua muda wangu. Watu walidhani ni ishara, wakaanza kunong'ona amina. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nilitoa maneno mengi kwa mara moja, nikimwangalia mama, moja kwa moja machoni, ingawa iliniuma.

"Hapana. Sijue. Masikio inaniuma. Hapana kunigusa tena. Nataka nyumbani."

Sauti yangu ilikuwa ndogo na haina kupanda wala kushuka. Waliokuwa karibu walisikia mlio tu. Vichwa mia mbili vikageuka kwa mkalimani.

Mama aliangalia kipaza sauti. Aliangalia mstari wa mbele. Baba mkubwa aliinua kidevu kidogo, kama mtu anayemwambia mwenzake: endelea. Nilimngoja. Nilijua kwamba akiyageuza tena, sitasema neno jingine kwa mtu yeyote mpaka nife, na ningeweza, msidhani nisingeweza.

"Anasema hapana," mama akasema.

Watu wakangoja.

"Anasema hajue bombe itaanguka lini. Anasema masikio inamuuma, muache kumugusa, anataka kurudi nyumbani. Ni hiyo tu. Na siku ya Jumatano, aliomba maji ya kunywa. Mimi njo nilidanganya."

Mama Martine alibaki amepiga magoti. Mtu mmoja nyuma alicheka kwa woga. Halafu makelele yakaanza, wengine wakisema pepo limerudi, wengine wakisema mama amepata wazimu, na Mama Fifi akilia jina la mdogo wake. Mama aliweka kipaza sauti juu ya kitenge nilichokikunja. Hakunishika. Alitembea mbele, akipanua viwiko ili watu wasinifikie, na mimi nikamfuata nikiwa nimeziba masikio, katikati ya kanisa lote, mpaka nje.

Nyumbani hakuketi. Alifungua skurubu za cherehani, akakitoa kichwa chake kwenye meza, akakifunga ndani ya blanketi. Sufuria moja. Viatu vyangu. Baba mkubwa alitukuta mlangoni mwa parsele, akihema, shati lake la Jumapili limelowa. Nadhani alituonea huruma, kwa namna yake. Hasira yake ilikuwa na machozi ndani.

"Angélique, una wazimu? Rudi uombe musamaha. Watu wanakimbilia kule kwa uwanja wa ndege, wanalala inje, hata turubai hakuna. Utalala wapi na huyu mutoto?"

"Kule kule wanalala wengine."

"Na bombe ikikuya?"

Mama alipandisha kichwa cha cherehani juu ya kichwa chake, akakisawazisha kwa mkono mmoja. Chuma kile ni kizito, nakijua leo, nakiinua mwenyewe.

"Bombe ikikuya," akasema, "itatuangukia sawa na watu wote."

Akapita. Mimi nilikuwa nimeshafika barabarani.